Kufunga keria ya nyuma kwenye baiskeli kongwe ya safari: shajara ya mradi, Wete

5 Januari 2025: Baiskeli, kazi yake na vipimo

Baiskeli yenyewe ni ya safari ndefu, imetengenezwa Uingereza, ikaingia Unguja katika kontena la mitumba na baadaye ikavuka kwa boti kuja Pemba. Karatasi iliyobanduka nusu kwenye mrija wa kiti bado inasomeka "Reynolds 531", aina ya chuma chenye manganizi na molibdeni ambacho kimetumika kutengenezea fremu za baiskeli tangu mwaka 1935. Mirija yake ni myembamba, na maungio yake yameshikwa kwa shaba iliyoyeyushwa, si kwa kuchomelewa. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo lililoamua kipi kifanyike na kipi kikataliwe katika kazi yote iliyofuata.

Haja ni kubeba mazao kutoka shambani hadi soko la Wete: ndizi, viazi vitamu, majimbi, na karafuu kavu msimu wake ukifika. Barabara zetu ni za vilima na mabonde, humalizi kushuka kimoja ila unaanza kupanda kingine, na baiskeli nzito za gia moja zilizozoeleka hapa humlazimu mpandaji ashuke asukume. Hii ina gia za kupandia hata ikiwa na mzigo wa kilo 20. Ilichokosa ni mahali pa kuuweka mzigo huo.

Vipimo vya kuzingatiwa na yeyote mwenye baiskeli ya aina hii ni vichache. Gurudumu ni la inchi 27, ambalo ringi yake ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi inapokaa. Tairi za 28 kwa 1 1/2 zinazouzwa kwa ajili ya baiskeli za kawaida ni za milimita 635, kwa hiyo haziingiliani ingawa kwa macho zinafanana. Keria nyingi za kisasa nazo zimepimwa kwa gurudumu la milimita 622, na tofauti hiyo hupunguza nafasi iliyo kati ya tairi na keria kwa milimita 4. Ekseli ya nyuma ina tundu katikati na hufungwa kwa mkono bila spana. Jirani na ekseli, kila upande, fremu ina kisikio kimoja chenye tundu la meno la kupokea bolti ya milimita 5. Kisikio cha kulia kimeziba, kwani bolti ya zamani ilikatikia ndani. Huko juu, kwenye mirija miwili inayoshuka kutoka kwenye kiti hadi ekseli, hamna tundu lolote la kufungia mikono ya keria.

19 Januari 2025: Keria ya chuma ya kawaida haikufaa

Jirani aliniazima keria ya chuma iliyotoka kwenye baiskeli yake ya Phoenix, ile pana ya nondo nyembamba ambayo watu huibebea magunia, kuni na hata abiria. Nilitaka kuijaribu kwanza kwa sababu ni imara, inapatikana kila mahali, na fundi yeyote anaijua.

Tatizo lilijitokeza pale chini. Miguu ya keria hiyo ina ncha zilizopondwa bapa zenye tundu kubwa, na hupachikwa kwenye ekseli yenyewe, kisha nati ya gurudumu ikaibana. Ekseli ya baiskeli yangu haitokezi nje ya fremu, wala haina nati ya kubania kitu, kwa hiyo hapakuwa na pa kuipachika. Nilifikiria kuziba lile tundu kubwa kwa washa na kulifunga kwenye kisikio cha fremu, lakini miguu ilikuwa mipana kiasi kwamba ilisimama mbali na fremu kila upande, na ili ifike kwenye kisikio ilibidi ivutwe kwa nguvu. Keria iliyofungwa huku inavutika inaisukuma fremu muda wote hata ikiwa haina mzigo.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mzee ninayemheshimu, ambaye amefufua mageti na baiskeli nyingi mjini. Aliizunguka baiskeli, akaigonga kwa kidole, akasema: "Mwanangu, hiki ukikichoma hakitoki mpaka kiama." Kwa fremu nene za chuma cha kawaida ana haki ya kusema hivyo. Nilimwonyesha ile karatasi na nikamweleza kwamba mirija hii ina ukuta mwembamba sana, kwamba moto wa kuchomelea unaweza kuutoboa au kuufanya mgumu na mwepesi wa kuvunjika pembeni mwa weldi, na kwamba ukifika kwenye maungio unaweza kuiyeyusha shaba iliyoyashika. Alichukua kipande cha mrija chakavu, akakiangalia unene, akakubali. "Basi tafuta ya kufunga kwa bolti, hii usiiguse kwa moto." Naliandika hili kwa msisitizo kwa kuwa kuchomelea ndiko njia ya kwanza inayopendekezwa kwetu, na kwa fremu za namna hii huweza kuharibu kitu ambacho hakirudishiki.

Keria ya jirani ilirejea kwake salama. Gharama ya hatua hii: hakuna.

2 Februari 2025: Keria ya alumini, na bolti iliyokatikia ndani

Ndugu yangu aliye Unguja alinipatia keria ya alumini ya mtumba kutoka Darajani kwa shilingi 35,000, na ikaletwa kwa boti kwa shilingi 3,000. Imepigwa muhuri wa kilo 25, ina miguu mitatu kila upande inayokutana chini katika tundu moja la milimita 5, na mikono yake ya juu ni vipande bapa vinavyoweza kusogezwa. Niliikagua sehemu zote za weldi kwa kuzifuta na kuzitazama juani, kwani ufa kwenye alumini huanzia hapo, na alumini iliyopasuka haitengenezeki kwa mashine za kuchomelea za kawaida. Ilikuwa nzima.

Kazi kubwa ilikuwa kukifungua kisikio cha kulia. Kipande cha bolti kilikuwa kimelala sawasawa na uso wa kisikio, kimeshikamana kwa kutu, hakina kichwa wala ncha ya kushika kwa koleo. Kwa siku kadhaa kilidondoshewa mchanganyiko wa mafuta ya taa na mafuta ya injini asubuhi na jioni, na kila mara nilikigonga kidogo kwa nyundo nyepesi ili mafuta yapenye kwenye meno. Hakikusogea.

Hapo nilikipeleka kwa fundi mwenye drili ya kusimama mezani. Drili ya mkono isitumike katika kazi hii, kwa sababu kisikio chenyewe kina nyama kidogo tu kuzunguka tundu, na biti ikiteleza upande mmoja kisikio kimekwisha. Fremu ilifungwa mezani kwa vibano huku ikiwa imekingwa kwa mbao. Fundi alipiga alama katikati kabisa ya kipande kwa chuma kilichochongoka, akaanza na biti ya milimita 2, akatoboa polepole huku akitia mafuta, akapanda hadi milimita 3, kisha milimita 4.2. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachoacha nyama ya kutosha kwa meno ya bolti ya milimita 5. Baada ya hapo kilichobaki cha bolti ya zamani kilikuwa kama uzi wa chuma uliojiviringisha ndani ya meno, na aliuchomoa kwa ncha ya sindano nene, kipande baada ya kipande. Akamaliza kwa kupitisha kifaa cha kuchongea meno, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ili unga wa chuma usijikusanye ndani. Kisikio cha kushoto nacho kilipitishiwa kifaa hichohicho, kwa kuwa kilikuwa na rangi na kutu.

Gharama: shilingi 8,000 za fundi. Ni pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi huu.

9 Februari 2025: Mikono ya juu

Kwa vile fremu haina tundu huko juu, njia niliyoijaribu kwanza ilikuwa klipu za mabati za kufungia mabomba ya maji, zilizonunuliwa kwa shilingi 2,000, kila moja ikizunguka mrija mmoja wa nyuma na kuushika mkono wa keria. Ndani yake niliweka mpira wa tyubu ili rangi isikwaruzike na klipu isiteleze. Zilikaa vizuri kwa macho. Niliposhika keria na kuitikisa kushoto na kulia, klipu zilijipinda, kwa sababu bati lake ni jembamba na limetengenezwa kwa kushika bomba lililotulia ukutani. Baada ya mwendo mfupi bila mzigo wowote zilikuwa zimeteremka kwenye mirija, na keria ikainamia mbele.

Sababu ya kuteremka ilikuwa mbili kwa pamoja. Mirija hii hupungua unene kadiri inavyoshuka, kwa hiyo klipu ikishuka kidogo tu inalegea. Pili, mikono ya keria ilikuwa imeinama sana kutoka kwenye keria kuja kwenye fremu, na hivyo kila keria ilipovuta nyuma, sehemu ya nguvu hiyo ilizisukuma klipu ziteremke kwenye mirija.

Marekebisho yalikuwa haya. Fundi alinikatia vipande viwili vya chuma bapa, unene wa milimita 2 na upana wa milimita 15, akavikunja kuzunguka kipande cha nondo chenye unene wa mrija pamoja na mpira wake, vikawa vibano vilivyokamilika. Vibano hivyo nilivifunga juu tu ya ule mrija mfupi wa mlalo unaobeba breki. Mrija huo unavizuia visishuke hata vikilegea. Mikono ya keria nayo ilikunjwa upya ikawa karibu na mlalo, hivyo inavuta moja kwa moja nyuma na mbele. Gharama ya vibano ni shilingi 4,000, na kopo dogo la rangi ya kuvikinga na kutu ni shilingi 2,500.

Wapo wanaofunga mkono mmoja wa keria kwenye bolti ya breki ya nyuma. Inawezekana, na keria nyingi za zamani zilifungwa hivyo, lakini sikuipenda: bolti hiyo ikilegezwa na mtikisiko wa mzigo, breki inalegea pamoja nayo, na barabara zetu zina miteremko.

Keria ilisawazishwa kwa pima maji huku baiskeli imesimamishwa kwenye sakafu tambarare, na kati ya madigadi na sehemu ya chini ya keria pakabaki nafasi ya sentimita 2.

22 Februari 2025: Bolti ya kulia ilikatika

Jaribio la kwanza lenye mzigo lilifanywa kwa mchanga uliopimwa, kilo 10 kila upande, katika njia ya udongo ya upande wa Mtambwe. Wakati wa kurudi, keria ilianza kuyumba nilipokuwa nateremka, kisha ukasikika mlio mkavu na mzigo ukalala kulia. Bolti ya chini ya upande wa kulia ilikuwa imekatika sawasawa na uso wa kisikio, pahala palepale ilipokatikia ile ya zamani.

Hapo ndipo nilipotulia kufikiri, kwa kuwa bolti mbili kukatika sehemu moja katika fremu moja si bahati mbaya. Nilizitandaza sehemu zote mezani kwa mpangilio zilivyokuwa zimefungwa: kisikio cha fremu, kisha kitanzi cha waya wa madigadi, kisha washa mbili nilizoziweka ili mguu wa keria usigusane na kitanzi hicho, kisha mguu wa keria, kisha kichwa cha bolti. Kati ya mguu na kisikio palikuwa na pengo la takriban milimita 6. Bolti iliyobanwa sawasawa kati ya nyuso mbili zinazogusana hubeba mzigo kwa msuguano wa nyuso hizo, na yenyewe kazi yake ni kuzibana tu. Bolti iliyoachiwa pengo huwa fimbo iliyochomekwa ukutani na kuning'inizwa mzigo kwenye ncha: kila shimo la barabara huipinda, na kadiri pengo linavyokuwa refu ndivyo nguvu ya kuipinda inavyoongezeka. Chuma kinachopindwa na kunyooshwa mara kwa mara hupata ufa mdogo kwenye jino la kwanza lililo nje ya kisikio, na ufa huo hukua hadi kinapokatika.

Uso wa kipande kilichokatika ulithibitisha hayo. Nusu yake ilikuwa laini na nyeusi kidogo, palipopasuka taratibu, na nusu ya pili ilikuwa ya chenga na inang'aa, palipokatika kwa mara moja. Yeyote aliyekatikiwa na bolti aitazame kabla ya kuitupa, kwani humwambia kama ilizidiwa kwa pigo moja au ilichoshwa kwa muda.

Safari hii kipande kilitoka kwa urahisi kwa sababu meno yalikuwa mapya na hayakuwa na kutu. Kilizungushwa kwa ncha ya bisibisi ndogo hadi kikatoka.

16 Machi 2025: Kufunga upya sehemu ya chini

Kazi hii ilifanyika usiku baada ya tarawehe, kwa kuwa ni mwezi wa Ramadhani.

Mpangilio mpya ni huu: mguu wa keria unagusa kisikio moja kwa moja, chuma kwa alumini, na kitanzi cha waya wa madigadi kimehamia nje ya mguu, chini ya kichwa cha bolti. Madigadi haina uzito wa kuipinda bolti, kwa hiyo hata ikikaa nje haidhuru. Rangi iliyokuwa imevimba juu ya kisikio ilipanguswa kwa msasa hadi uso ukawa tambarare, kwani hata donge la rangi hufanya pengo.

Zile bolti za mwanzo, za shilingi 1,500, zilikuwa za chuma cha kawaida na kichwani hazikuwa na alama yoyote ya ubora. Zimetupwa. Mpya ni za chuma cha pua zenye alama ya A2-70, na tarakimu 70 ina maana kwamba chuma chake huhimili mvuto wa nyutoni 700 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Pamoja na nati na washa zake ziligharimu shilingi 6,000. Kwa anayeishi ufukweni kabisa, zile zenye alama ya A4 hustahimili chumvi zaidi.

Upande wa kushoto nilitumia bolti ndefu kidogo inayotokeza ndani ya kisikio, na huko nikaongeza nati yenye pete ya plastiki, hivyo bolti inashikwa na meno ya kisikio na pia na nati. Upande wa kulia hili haliwezekani, kwa sababu mnyororo ukiwa kwenye gia ndogo kabisa hupita karibu mno na kisikio. Bolti ya kulia ilikatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa tupa hadi ikalingana na uso wa ndani, kisha nikazungusha pedali kwenye gia zote kuhakikisha mnyororo haugusi kitu. Hatua hii isirukwe: bolti iliyozidi milimita chache huweza kuushika mnyororo na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla.

Bolti zote zilipakwa grisi kabla ya kuingizwa. Kopo lake lilikuwa shilingi 3,000. Grisi ina kazi mbili hapa. Chuma cha pua kikikazwa kikavu meno yake huweza kung'ang'aniana yasifunguke tena. Na penye hewa ya chumvi, alumini inayogusana na chuma cha pua huliwa taratibu na kutoa unga mweupe, ila pakiwa na grisi maji ya chumvi hayapati njia ya kuingia kati yake.

25 Mei 2025: Mapakacha, visigino na mvua za masika

Keria imefanya kazi masika yote. Chini hakuna kilicholegea. Vibano vya juu vilihitaji kukazwa mara moja, baada ya mpira wa tyubu kusinyaa, na tangu hapo vimetulia.

Lililohitaji kufikiriwa zaidi ni mzigo wenyewe. Mifuko ya pembeni ya kizungu sinayo, na mazao husafiri vizuri zaidi ndani ya pakacha, ambalo hupitisha hewa na linapatikana bure penye minazi. Mapakacha mawili yaliyofungwa kwa kamba ya makumbi na kuning'inizwa kila upande yalileta matatizo mawili. La kwanza ni visigino, vilivyokuwa vinagonga pakacha kila pedali inapopita nyuma. Niliyasogeza mapakacha nyuma kwa sentimita 4, lakini kusogeza zaidi kuliufanya usukani kuwa mwepesi wakati wa kupanda kilima, kwa kuwa uzito ulikuwa umepita nyuma ya ekseli. Ufumbuzi ulikuwa kusuka mapakacha mafupi na yenye kina zaidi, kazi ambayo shangazi aliifanya kwa mchana mmoja baada ya kuipima keria kwa shubiri.

La pili lilikuwa la hatari. Makuti ya pakacha huchomoza pembeni, na upande wa ndani yalikuwa yanaingia kwenye spoku. Nilisuka kamba ya makumbi kati ya miguu mitatu ya keria kila upande, kwa mtindo wa kitanda cha kamba, mistari ikipishana kwa upana wa vidole viwili. Wavu huo unalizuia pakacha lisiingie ndani, na ukichakaa unasukwa mwingine. Kwa juu, mzigo unafungwa kwa mikanda ya tyubu kuukuu, kwani mpira huvutika na kurudi mzigo unapotikisika, ilhali kamba hulegea.

Spoku moja ya gurudumu la nyuma ilikatika mwezi Aprili, upande wa gia, kama ilivyo kawaida kwa magurudumu yaliyobebeshwa mzigo. Keria inapeleka uzito wote kwenye gurudumu hilo, kwa hiyo nashauri spoku zikazwe na fundi kabla ya safari ya kwanza, na tairi ijazwe upepo hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake.

Gharama zote, ukiacha spoku hiyo, ni shilingi 65,000: keria na boti 38,000, fundi wa kisikio 8,000, vibano na rangi 6,500, bolti za chuma cha pua 6,000, grisi 3,000, na 3,500 zilizopotea kwenye klipu za mabomba na bolti zisizo na alama. Anayetaka kuiga aanze na bolti za chini na uso wa kisikio, kisha ndiyo atafute keria, kwa kuwa keria yoyote yenye tundu la milimita 5 chini na mikono inayosogea itakaa.

Ukaguzi ninaoufanya sasa ni wa kila Ijumaa asubuhi: ufunguo wa pembe sita kwenye bolti mbili za chini na mbili za vibano, na kitambaa chenye mafuta juu ya weldi za keria ili ufa ukianza uonekane. Kwa msimu wa karafuu, keria hii itabeba karafuu kavu ndani ya mapakacha hadi kilo 20. Polo zima litaendelea kwenda kwa gari.